Mwongozo Kamili wa Ziara ya Kwanza Mjini Bogotá kwa Msafiri wa Peke Yake

Wasomaji waliokwenda peke yao Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, hurudi na malalamiko yanayofanana. Mmoja alipanda mlima saa chache baada ya kutua, akaishia kulala siku mbili hotelini kichwa kikimgonga. Mwingine aliitenga Jumatatu kwa ajili ya Makumbusho ya Dhahabu, akakuta milango imefungwa. Wa tatu aliporwa simu mkononi akiwa amesimama pembeni mwa barabara kutazama ramani. Wote walikuwa na pesa za kutosha na moyo wa kutosha, lakini walifanya mambo sahihi katika siku zisizo sahihi na kwa mfuatano usio sahihi.

Mwongozo huu umepangwa kwa ajili hiyo. Ukifuata hatua hizi kwa utaratibu wake, siku tano zinatosha kuufahamu mji na kurudi nyumbani salama.

## Mahitaji kabla ya kuondoka

- Pasipoti isiyokaribia kuisha muda, visa ikiwa pasipoti yako inaidai, na nakala mbili za karatasi za kila hati. Pasipoti yenyewe itabaki chumbani. Nakala ndiyo utakayotembea nayo.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.
- Sweta, koti jepesi lisilopitisha maji, na viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza. Wastani wa joto la Bogotá ni nyuzi 14 hivi mwaka mzima, na usiku hushuka chini ya 10. Aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam asidanganywe na ukweli kwamba mji huu uko karibu na ikweta.
- Kofia na krimu ya kukinga jua. Hewa ya juu ni nyembamba, hivyo jua huunguza ngozi hata wakati unahisi baridi, na ngozi nyeusi nayo huungua.
- Adapta ya plagi. Soketi za Kolombia hupokea pini bapa mbili na umeme wake ni volti 110. Chaja nyingi za simu huandikwa 100 hadi 240 na zitafanya kazi, ila pasi au hita ya maji ya volti 240 iache nyumbani.
- Kadi mbili za benki zinazofanya kazi nje ya nchi, zitunzwe mahali tofauti, pamoja na dola chache za akiba.
- Simu isiyofungwa kwenye mtandao mmoja, ikiwa na ramani ya Bogotá na lugha ya Kihispania zilizopakuliwa tayari, ili zifanye kazi bila intaneti.
- Dawa za maumivu unazozijua, na dawa zako za kila siku zikiwa kwenye mkoba wa mkononi.
- Daftari dogo na kalamu. Naomba usikipuuze kitu hiki. Utaona faida yake katika hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Panga siku kabla ya kununua tiketi

Wengi hununua tiketi ya bei nafuu kwanza, kisha hujaribu kuubana mji ndani ya siku zilizobaki. Bogotá haikubali utaratibu huo, kwa sababu vivutio vyake vikubwa hufungwa siku tofauti. Makumbusho ya Dhahabu hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Botero hufungwa Jumanne, na njia ya miguu ya mlima Monserrate pia hufungwa Jumanne. Ciclovía, yaani utaratibu wa kuyafungia magari barabara kubwa ili watu watembee na kuendesha baiskeli, hufanyika Jumapili na sikukuu tu.

Kwa hiyo panga kutua Alhamisi na kuondoka Jumanne. Ijumaa itakuwa ya katikati ya mji, Jumamosi ya mlima, Jumapili ya baiskeli, na Jumatatu ya safari ya nje ya mji.

Angalia pia kalenda ya sikukuu. Sheria ya Kolombia ya mwaka 1983 huhamishia sikukuu nyingi siku ya Jumatatu, na wiki hizo wenyeji wengi husafiri, kwa hiyo foleni za kuingia mjini Jumatatu jioni huwa ndefu mno. Kuhusu mvua, miezi ya Aprili, Mei, Oktoba na Novemba ndiyo yenye mvua nyingi, ilhali Desemba hadi Februari, na Julai na Agosti, huwa na nafuu.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kuandika kwenye ukurasa mmoja kila siku na shughuli yake, bila kukuta mlango wowote uliofungwa.

## Hatua ya 2: Nyaraka na njia ya ndege

Maombi ya visa ya Kolombia hufanywa kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, na ubalozi wake unaotumiwa na watu wengi wa Afrika Mashariki uko Nairobi. Soma masharti ya pasipoti yako mwenyewe, kwa kuwa hayafanani baina ya nchi na nchi, na usimtegemee rafiki aliyesafiri miaka mitatu iliyopita.

Tatizo kubwa zaidi huwa njiani. Ndege ikipitia Marekani utahitaji visa ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja. Ukipitia Amsterdam, Paris au Frankfurt, mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayebaki ndani ya eneo la kubadilishia ndege kwa kawaida hahitaji visa, lakini mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huhitaji visa ya kupita uwanjani. Njia ya Istanbul nayo hutumiwa na wengi. Vyovyote iwavyo, nunua safari nzima kwa tiketi moja. Ukinunua tiketi mbili zisizohusiana unaweza kulazimika kuchukua mzigo na kuuandikisha upya, jambo ambalo hudai uingie nchini humo, na hapo ndipo watu hurudishwa.

Ndani ya saa 72 kabla ya ndege kuondoka, jaza fomu ya Check-Mig ya idara ya uhamiaji ya Kolombia. Fomu hii ni ya bure. Tovuti yoyote inayokuomba malipo ili kuijaza si ya serikali, kwa hiyo ifunge mara moja.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa kulala

Mgeni huvutwa na La Candelaria, mtaa wa kale wenye nyumba za rangi, kwa sababu vivutio viko hapo hapo na vyumba ni vya bei nafuu. Mchana mtaa huo ni mzuri kweli. Tatizo ni usiku: ofisi na vyuo vikishafungwa watu hupungua, na mtu anayetembea peke yake kwenye kichochoro cha mawe akiwa na mkoba huonekana kutoka mbali.

Kwa ziara ya kwanza napendekeza mtaa wa Chapinero, hasa sehemu za Quinta Camacho na Zona G karibu na barabara ya Calle 70, ambako kuna maduka, sehemu za kula na watu barabarani hadi jioni. Utatumia nauli kidogo kwenda katikati ya mji, na nauli hiyo inakununulia usiku wa amani.

Unapolipa, onyesha muhuri wa kuingia nchini. Mgeni asiye mkazi husamehewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19 kwenye malazi, na hoteli nyingine hazimkumbushi mteja asipouliza.

## Hatua ya 4: Kutoka uwanja wa El Dorado hadi chumbani

Ukishapita uhamiaji, fanya mambo matatu kabla ya kutoka nje, kwa mfuatano huu.

Kwanza, toa fedha kwenye mashine iliyo ndani ya jengo. Katika miaka ya karibuni dola moja imekuwa ikicheza karibu na peso 4,000, kwa hiyo zoea tarakimu kubwa mapema. Noti zipo za 2,000, 5,000, 10,000, 20,000, 50,000 na 100,000, na mgeni mchovu huweza kutoa ya 100,000 akidhani ni ya 10,000. Zipange kwenye pochi kwa ukubwa wake ukiwa umekaa, badala ya kuzipangia dirishani kwa dereva. Jua pia kwamba wauzaji huacha neno “mil”, yaani elfu. Anayekwambia “veinte” anataka 20,000.

Pili, nunua laini ya simu au washa kifurushi chako na uhakikishe intaneti inafanya kazi.

Tatu, panga foleni ya teksi rasmi za njano mlangoni, au chukua gari lililoagizwa na hoteli. Mtu anayekujia ndani ya jengo akinong'ona “taxi” mkatalie kwa upole na uendelee kutembea. Mpe dereva anwani iliyoandikwa kwenye daftari.

Ukilipa kwa kadi dukani, muuzaji atakuuliza “¿a cuántas cuotas?”, na wageni wengi hubaki wameduwaa wakidhani kadi imekataliwa. Anauliza tu utalipa kwa awamu ngapi. Jibu “una”, yaani moja.

## Hatua ya 5: Saa 24 za kwanza ni za mapafu yako

Bogotá iko mita 2,640 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu aikumbuke kambi ya Mandara, iliyo mita 2,720: mji huu mzima, na mamilioni ya watu wake, umekaa karibu na kimo hicho. Tofauti ni kwamba Mandara hufikiwa kwa mguu baada ya saa kadhaa za kupanda, ilhali Bogotá unashushwa na ndege kwa mkupuo. Hata mkazi wa Nairobi, aliyezoea mita 1,800 hivi, ataihisi tofauti.

Dalili za kawaida ni kichwa kuuma, kuishiwa pumzi kwenye ngazi, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatika. Zinapungua zenyewe ukiupa mwili nafasi. Jioni ya Alhamisi kula chakula chepesi, kunywa maji mengi (maji ya bomba ya Bogotá hunyweka), usiguse pombe, na lala mapema. Nchi hii iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 8, kwa hiyo utaamka alfajiri sana bila kengele. Usiamke kukimbia mazoezi.

Utauziwa chai ya majani ya koka kama dawa ya mwinuko. Fahamu kwamba inaweza kuonekana kwenye kipimo cha dawa za kulevya, na kwamba jani moja likipatikana kwenye mzigo wako katika nchi nyingine ni kesi. Chai ya tangawizi na mapumziko vinatosha.

Onyo: kichwa kisichotulia kwa dawa, kutapika kusikokoma, kuyumba unapotembea au kuhema ukiwa umekaa si mambo ya kuvumilia. Piga namba ya dharura 123 au mwombe mhudumu wa hoteli akupeleke hospitali.

Umefaulu ikiwa Ijumaa asubuhi unapanda ngazi za ghorofa mbili ukiwa unazungumza, bila kusimama.

## Hatua ya 6: Jifunze kusoma anwani

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nami naihesabu kuwa ndiyo inayomtenga msafiri anayejiamini na anayetangatanga na simu mkononi. Anayejua kusoma anwani za Bogotá hana haja ya kutoa simu mfukoni kila kona, na wezi hutafuta mtu aliyeshika simu.

Kanuni ni hizi. Milima iko mashariki daima, na huonekana kutoka sehemu nyingi za mji. Barabara ziitwazo “carrera” zimelala sambamba na milima, kaskazini hadi kusini, na namba zake huongezeka kadiri unavyoiacha milima. Barabara ziitwazo “calle” huzikata hizo, na namba zake huongezeka kadiri unavyokwenda kaskazini.

Chukua anwani ya Makumbusho ya Botero: Calle 11 # 4-41. Maana yake ni kwamba jengo liko kwenye Calle 11, mita 41 hivi kutoka kona ya Carrera 4. Sasa chukua ya Makumbusho ya Dhahabu: Carrera 6 # 15-88. Jengo liko kwenye Carrera 6, mita 88 hivi kutoka kona ya Calle 15. Ukishazielewa hizo mbili, umeuelewa mji.

Hatari iko kwenye neno moja: “Sur”, yaani kusini. Upande wa kusini namba za calle huanza tena, hivyo kuna Calle 20 na kuna Calle 20 Sur, na baina yake ni mwendo mrefu. Mimi mwenyewe nilipotea kwa sababu hiyo katika ziara yangu ya kwanza: nilimtajia dereva anwani kwa mdomo, neno hilo likaingia mahali lisipotakiwa, na nilipogundua kwamba milima imebadilika sura dirishani tulikuwa tumekwishakwenda karibu saa nzima upande usio wangu, jua likizama. Tangu siku hiyo anwani naiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa na kumkabidhi dereva aisome mwenyewe.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kutoka, andika anwani zote za siku hiyo na uchore mstari wa njia yako. Umefaulu ikiwa unaweza kuonyesha kwa kidole mashariki iko wapi bila kutazama ramani.

## Tahadhari za kila siku: usitoe papai

Wakolombia wana msemo, “no dar papaya”, kwa maana ya neno kwa neno “usitoe papai”: usimtamanishe mtu kwa kuweka kitu chako mahali pa kuchukulika. Mwenyeji atakwambia hivyo kwa upendo akiona simu yako juu ya meza.

Ukihitaji ramani, ingia dukani, itazame, irudishe mfukoni, kisha toka. Mkoba uvae mbele. Usikae karibu na mlango wa basi ukiwa na simu, maana hunyakuliwa wakati mlango unapofunguka. Teksi iite kwa programu ya simu au kupitia hoteli, hasa baada ya giza, kwa sababu kuna wizi ujulikanao ambapo abiria huchukuliwa barabarani na kuzungushwa kwenye mashine za fedha.

Onyo zito zaidi ni la dawa iitwayo “burundanga”, yaani skopolamini, ambayo wahalifu huitia kwenye kinywaji, chakula au sigara ili mtu apoteze utambuzi na kutii anachoambiwa. Usipokee kinywaji usichokiona kikifunguliwa, na usikubali kukutana faraghani na mtu uliyemjua kwenye programu za wachumba. Anayesafiri peke yake hana mwenzake wa kugundua kwamba amebadilika, kwa hiyo mkabidhi ndugu yako nyumbani ratiba ya kila siku na mkubaliane saa ya kutumiana ujumbe.

## Hatua ya 7: Ijumaa, katikati ya mji

Ondoka saa 3 asubuhi, baada ya msongamano wa watu waendao kazini. Ukitumia TransMilenio, mabasi ya mwendokasi ya Bogotá, ambayo mkazi wa Dar es Salaam ataitambua mara moja kwa kuwa mwendokasi wetu uliundwa kwa kuigiza mfumo huo, nunua kadi ya TuLlave kituoni na uijaze salio, maana ndani ya basi fedha taslimu hazipokelewi. Shuka kituo kiitwacho Museo del Oro.

Anza katika uwanja wa Plaza de Bolívar. Simama katikati ukilitazama kanisa kuu: liko mashariki, na milima iko nyuma yake. Mkono wako wa kushoto, kaskazini, ni Jumba la Mahakama. Mkono wa kulia ni Bunge. Mgongoni ni ofisi ya meya. Sasa unayo dira isiyohitaji betri.

Kutoka hapo panda Calle 11 kuelekea mlimani. Hatua chache kutoka kwenye kanisa kuna La Puerta Falsa, mgahawa mdogo mno ulioanzishwa 1816, ambako huletewa kikombe cha chokoleti ya moto pamoja na mkate na kipande cha jibini. Jibini huzamishwa ndani ya chokoleti, huachwa ilainike, kisha huchotwa kwa kijiko. Asiyekula nguruwe aseme “sin cerdo” na aepuke tamali, ambazo mara nyingi huwa na nyama hiyo.

Endelea kupanda polepole, ukivuka Carrera 6 kisha Carrera 5, hadi Makumbusho ya Botero. Kuingia ni bure. Mchoraji Fernando Botero alitoa kazi 208, 123 zikiwa zake na 85 za wasanii wengine, miongoni mwao Picasso, Monet na Dalí. Saa moja na nusu inatosha, pamoja na kupumzika kwenye ua wa ndani.

Mchana kula ajiaco, supu ya Bogotá yenyewe: kuku, aina tatu za viazi, kipande cha hindi bichi, na majani yaitwayo guascas yanayoipa harufu yake. Aina moja ya viazi, midogo ya manjano, huyeyuka kabisa na kuifanya supu kuwa nzito. Parachichi huja pembeni. Kwenye vinywaji ukiona “guanábana” agiza bila wasiwasi, ni stafeli. “Maracuyá” ni pasheni.

Alasiri nenda Makumbusho ya Dhahabu, yenye vipande zaidi ya 30,000 vya dhahabu. Usijaribu kuviona vyote. Panda moja kwa moja hadi kilipo kitu kimoja kidogo, chelezo cha Wamuisca, wenyeji wa asili wa nyanda hizi za juu, kilichopatikana Pasca mwaka 1969. Urefu wake haufiki sentimita 20, kingekaa juu ya viganja viwili vilivyounganishwa. Katikati ameketi kiongozi, mkubwa kuliko wote, na wanaomzunguka wamepungua kimo hadi wale wa pembezoni wawe kama njugu tu, kila mmoja na mapambo yake ya nyuzi za dhahabu nyembamba kama uzi wa kushonea. Sogea, inama, tazama kutoka ubavuni. Mimi hukaa hapo dakika ishirini, na sijawahi kuona kwamba zimepotea. Kisha tafuta chumba cha mviringo cha sadaka na usubiri zamu yako: milango hufungwa, giza huingia, na taa huwaka taratibu juu ya dhahabu iliyokuzunguka pande zote.

Toka kabla ya saa 11 jioni, maana jua hapa, kama kwetu, huzama karibu na saa 12. Umefaulu ikiwa umerudi chumbani kukiwa bado na mwanga, na kichwa hakiumi.

## Hatua ya 8: Jumamosi, Monserrate

Kilele cha Monserrate kina mita 3,152, zaidi ya mita 500 juu ya mji. Ndiyo sababu kimewekwa siku ya tatu. Jumapili huwa na waumini wengi wanaokwenda kusali kwenye kanisa la kileleni, hivyo Jumamosi asubuhi ni bora.

Chukua teksi hadi mlangoni pa kituo cha chini. Usitembee kwa miguu kutoka katikati ya mji, kwa kuwa kipande hicho cha barabara kina historia ya uporaji. Ukifika utachagua kati ya treni ndogo inayovutwa kwa kebo kwenye mteremko na kibanda kinachoning'inia kwenye waya. Ipo pia njia ya ngazi za mawe zaidi ya 1,500. Ngazi hizo kwa ziara ya kwanza ziache, hata kama una miguu ya mwanariadha. Mapafu ndiyo yatakayokukwamisha.

Nenda mapema, maana mawingu mara nyingi hufunika kilele kuanzia adhuhuri. Kileleni tembea kwa mwendo wa mzee, kaa, kunywa maji. Kisha fanya zoezi hili: ukiwa umeutazama mji, yaani magharibi, tafuta Plaza de Bolívar, halafu fuata kwa macho Carrera 7 kuelekea kaskazini, mkono wako wa kulia, hadi karibu na mahali unapolala. Mji uliokutisha Alhamisi utakuwa umelala mbele yako kama ukurasa unaousoma.

## Hatua ya 9: Jumapili, Ciclovía

Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana zaidi ya kilomita 100 za barabara hufungwa kwa magari. Kodi baiskeli siku moja kabla, ukague breki na kimo cha kiti, na uombe kufuli. Kutoka Calle 70 shika Carrera 7 kuelekea kaskazini hadi Usaquén, takriban kilomita 5 au 6, ambako kuna soko la Jumapili la vitu vya mikono. Kaa upande wako wa kulia na usisimame ghafla katikati ya njia.

Siku hii ndiyo ya kuzungumza na watu. Anza kila jambo kwa “buenos días”. Kudai huduma bila salamu huonekana utovu wa adabu, kama ilivyo kwetu. Kuagiza kahawa nyeusi husemwa “¿me regala un tinto?”, ingawa maneno yenyewe ni kama kuomba zawadi, na utailipia. Ukiitwa “sumercé” umeheshimiwa. Msafiri mweusi atasemeshwa Kihispania cha kasi, kwa kuwa Kolombia ina raia wengi wenye asili ya Afrika, hasa wa pwani za Pasifiki na Karibi, na wengi watakudhani umetoka huko. Sema “soy de Tanzania” au “soy de Kenia”, na mazungumzo yatafunguka.

Rudi kabla ya saa 7:30 mchana. Saa 8 vizuizi vinaondolewa na magari yanarudi mara moja.

## Hatua ya 10: Jumatatu, Zipaquirá, na kurudi

Mji wa Zipaquirá uko kaskazini, takriban kilomita 50. Panda TransMilenio hadi kituo cha Portal del Norte na hapo utapata mabasi ya kwenda huko. Kanisa la Chumvi, lililofunguliwa 1995, limechongwa ndani ya mgodi, mita 180 chini ya ardhi. Vaa sweta na viatu visivyoteleza. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, anza kurudi kabla ya saa 8 mchana.

Usiku huo kagua mzigo: mifuko ya kahawa ifungwe vizuri, na pasiwe na jani wala kifuko cha chai ya koka. Mzigo ukishafungwa usimbebee mtu yeyote kifurushi, hata ndugu wa rafiki. Kadi ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti, kwa sababu Kolombia imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo na utaulizwa kadi hiyo utakapotua Dar es Salaam au Nairobi. Ondoka kwenda El Dorado saa nne kabla ya ndege.